Subaru ya turbo inachemsha: uliza kwanza inachemkia wapi

Subaru ya turbo ikishafungwa intakula ya mbele (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ikaongezwa busti (presha ya hewa ya turbo), ikavuliwa na vile vilivyoonekana havina kazi, halafu ikaanza kuchemsha, dawa ya kwanza inayotajwa gereji ni rejeta kubwa ya alumini. Kuna siku inasaidia. Siku nyingi zaidi inaahirisha tatizo, kwa sababu rejeta iliyong'olewa ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ya hewa au njia ya maji. Haya yanahusu injini za EJ20 na EJ25 zenye turbo, zile za Impreza WRX na STI, Forester na Legacy GT. Sehemu ya hewa na feni inafaa gari lolote.

Swali la kuanzia ni dogo: joto linapanda lini? Kwenye foleni ya Ubungo jioni, huku gari likisogea kwa hatua? Kwenye mlima wa Kitonga au ukipandisha kutoka Mai Mahiu, mguu ukiwa chini? Au dakika mbili tu baada ya kuwasha asubuhi? Majibu haya matatu yanaelekeza sehemu tatu tofauti za gari, na fundi asiyeuliza atabadilisha vitu mpaka mfuko wako uishe.

Pata namba ya kweli

Mshale wa dashibodi umetengenezwa utulie katikati ndani ya masafa mapana ya joto ili dereva asihangaike. Unapoanza kupanda waziwazi, mara nyingi injini imeshateseka. Kwenye gari lililobadilishwa funga geji ya pembeni, sensa yake ikae kwenye mpira wa juu wa rejeta, au soma namba ya kompyuta ya injini kwa skana. Impreza za zamani kama GC8 zina sensa mbili: ya waya mmoja inayoendesha mshale, na ya pini mbili inayoipa kompyuta habari. Mshale unaweza kusema kitu kimoja, kompyuta inayowasha feni ikaamini kingine.

Injini nzima ikitembea hukaa kati ya digrii 80 na 95, na feni huanza kuzunguka karibu na 95. Ikifika 105, toa mguu. Ikifika 110, tafuta pa kuegesha, zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake ya ndani kwa kasi ya juu. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiona mvuke, zima injini na usiguse mfuniko kwa dakika 45. Na usimwagie injini maji baridi kwa nje. Hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, ni ya alumini, itapinda.

Tahadhari moja zaidi kuhusu namba: sensa hupima vizuri ikiwa imezama ndani ya maji. Kwenye EJ imekaa kwenye bomba la juu linalounganisha pande mbili za injini, na hapo ndipo hewa hupenda kujikusanya. Sensa ikibaki ndani ya hewa, namba inaweza kushuka wakati hedi inaungua. Mshale ukianguka ghafla bila sababu, usishangilie.

Mifuniko miwili na mwinuko wa mji

Subaru nyingi za turbo za kizazi hicho zina mifuniko miwili: mmoja kwenye tangi dogo la juu, mwingine kwenye rejeta. Haifanani. Wa tangi la juu, wa takriban bar 1.1, ndio unaotakiwa kufunguka kwanza na kupeleka maji kwenye kopo la akiba. Wa rejeta una springi ngumu zaidi, kazi yake hasa ni kuziba. Ikibadilishana nafasi baada ya kuosha injini, maji hutokea mahali pasipostahili na hewa hubaki ndani.

Mfuniko mzima wa bar 1.1 unasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 120. Mfuniko uliochoka hausogezi kitu. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 tu. Ndiyo maana mfuniko mbovu ambao Mombasa ulivumilika, Nairobi unamwaga maji kabla feni haijawaka. Kagua mpira wake: ukiwa na ufa, umekauka au una alama nene ya kubonyea, nunua mpya. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii.

Kuna valvu nyingine ndogo katikati ya mfuniko, inayorudisha maji kutoka kopo la akiba injini ikipoa. Ukikuta asubuhi mpira wa juu umebonyea kama umefyonzwa, valvu hiyo imekwama au kimpira cha kopo kimeziba.

Linapanda kwenye foleni, linashuka ukitembea

Hapa hewa haitoshi, na hewa ya gari lililosimama inaletwa na feni peke yake.

Chukua karatasi ya daftari. Injini ikiwa na moto na feni zote zinazunguka, isogeze mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe na kujibandika yenyewe, uondoe mkono ikae pale. Ikining'inia bila kushika, feni inasukuma kivivu. Ikipeperuka kuja kwako, feni inazunguka kinyume: aliyefunga feni mpya alibadilisha waya chanya na hasi. Feni nyembamba zisizo za kiwandani zinaweza kufungwa kuvuta au kusukuma, na kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali.

Kama feni haziwaki kabisa, Subaru za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 zina kipimo cha bure. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna plagi mbili za kijani zisizounganishwa. Ziunganishe, washa switchi bila kuwasha injini: feni zitawaka na kuzima zenyewe kwa zamu, na pampu ya petroli itasikika ikibofya. Zikizunguka hapo, mota na rilei ni nzima, na shida iko kwenye sensa au kompyuta. Zisipozunguka, fuata fyuzi, rilei na waya. Kumbuka kuzitenganisha ukimaliza.

Halafu pima umeme. Kwenye betri injini ikiwaka utapata volti 13.8 hivi, weka mita kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka. Pungufu ya nusu volti inavumilika. Ukikuta 11.5, volti zaidi ya mbili zinapotea kwenye waya mwembamba au kiungio chenye kutu, na feni inatambaa. Kwa feni za kuongeza, kila moja ipate waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi yake ya ampea 20 na rilei yake, na waya wa hasi urudi kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi.

Kifuniko cha plastiki kinachozunguka feni nacho si pambo. Feni mbili nyembamba zilizofungwa moja kwa moja kwenye rejeta kwa vijiti vya plastiki huvuta hewa kwenye duara zake tu. Pembe nne za rejeta hazifanyi kazi. Kama feni za asili na kifuniko chake bado vipo, virudishe. Kwa gari la barabarani ni vigumu kupata kitu bora.

Linapanda kasi ikiongezeka, au mlimani

Kwenye kilomita 100 kwa saa feni haina maana tena. Ukichemkia hapo, ama hewa inapita kando ya rejeta, ama maji hayazunguki ya kutosha, ama injini yenyewe inazalisha moto kupita kiasi.

Anza na hewa kwa sababu haigharimu. Intakula ya mbele inakaa mbele ya kondensa ya AC, na kondensa mbele ya rejeta: tabaka tatu. Hewa hupita penye upenyo. Kama kuna nafasi ya vidole viwili kati ya bampa na pembeni mwa rejeta, itapita hapo na kuziacha tabaka zote tatu. Ziba pande zote, juu na chini, kwa bati jembamba la alumini na sponji ngumu, mpaka ukiangalia kupitia tundu la bampa usione mwanga isipokuwa kupitia mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Rudisha na ile plastiki ya chini ya injini iliyotupwa siku ya kubadilisha oili. Bila hiyo, hewa ya chini ya gari hujaa chumba cha injini na ya rejeta hukosa pa kutokea.

Kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka vipete vya chuma (washa) kwenye bawaba ni mtindo unaopendwa. Kwenye foleni unaachia joto kidogo. Kwenye kasi, chini ya kioo cha mbele ni mahali ambapo hewa inasukumana, kwa hiyo inaingia badala ya kutoka. Matundu ya kutoa moto yakae karibu na rejeta, nusu ya mbele ya boneti.

Safisha pia katikati. Majani, mbegu za nyasi na tope hukwama kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo huoni bila kulegeza rejeta na kuisogeza. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha inalaza mapezi. Kwa magari ya Pwani, gusa mapezi kwa kucha. Yakisagika kama majivu, chumvi imeshayala, na hapo kweli unahitaji rejeta mpya.

Sasa maji. Tumia kipima joto cha mwanga mwekundu, lakini bandika kwanza vipande vya soltepu nyeusi mahali utakapopima, kwa kuwa alumini inayong'aa hukidanganya. Pima pa kuingilia rejeta juu na pa kutokea chini, injini ikiwa na moto. Juu na chini zikikaribiana na zote zina moto mkali, maji yanazunguka ila hewa haiondoi joto. Juu moto sana na chini baridi, maji hayapiti ya kutosha: themostati (mlango unaofunguka kwa joto kupitisha maji), pampu, au rejeta iliyoziba. Pitisha kipima joto kwenye uso wote wa rejeta. Eneo lililopoa katikati ya yaliyo moto ni mirija iliyoziba. Halafu mtu apandishe injini mpaka mizunguko 3,500 kwa dakika huku wewe ukitazama mpira wa chini. Ukijikunja na kubana, umelainika na pampu inaufyonza. Weka mpya.

Pampu ya EJ inaendeshwa na taimingi belti, hivyo haitelezi kwa belti ya nje kulegea, lakini huwezi kuiona bila kufungua. Matone ya maji chini ya kifuniko cha taimingi ni kitundu chake cha kuonya kikivuja. Ibadilishe kila unapobadilisha belti, yaani kila kilomita 100,000. Kazi ya kufungua ni ileile.

Themostati na hita: kosa lenyewe la huku kwetu

Hapa ndipo Subaru inapowachanganya mafundi waliozoea injini zenye themostati juu. Themostati yake haiko juu mahali maji ya moto yanapotoka. Iko chini, kwenye mlango wa pampu, mahali maji yaliyopoa yanarudi kutoka rejeta. Sasa itajuaje kwamba injini ina moto? Inajulishwa na maji yanayorudi kutoka hita, yanayoingia nyuma yake na kuipasha.

Huku kwetu hita haithaminiwi. Ikivuja, mipira yake miwili inazibwa kwa boliti na klempu, kwa hoja kwamba joto tunalo la kutosha. Kwenye Subaru, kuziba huko kunaiacha themostati imekaa kwenye maji yaliyotulia. Injini inafika 105, themostati bado imelala. Halafu maji ya moto yanaifikia, inafunguka kwa mpigo, maji baridi ya rejeta yanaingia, inafunga tena. Mshale unapanda na kushuka kama kinanda. Watu hubadilisha pampu, rejeta na gasketi, na boliti mbili bado ziko pale nyuma ya injini.

Dawa: toa boliti, unganisha mipira miwili ya hita kwa kipande cha mpira wa unene uleule kilichopinda kama U, maji yazunguke. Angalia kisijikunje. Hata hita iliyoziba kwa kutu huleta dalili hizohizo: washa hita, ukipata hewa ya uvuguvugu tu wakati injini ina digrii 90, maji hayapiti humo au kuna hewa ndani.

Kuhusu themostati yenyewe, nunua ya asili. Ukiweka ya asili na ya bei rahisi kando kwa kando utaona: ya asili ina balbu nene na mlango mpana zaidi. Ipime kwenye sufuria ya maji pamoja na kipima joto: inaanza kufunguka kati ya 76 na 80, na ikifika 91 inakuwa wazi kabisa. Inafungwa springi ikielekea ndani ya injini, na kipini chake kidogo kikiwa juu.

Kuitoa kabisa kunapendwa. Injini inabaki baridi barabara kuu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, oili inachafuka, na siku ya foleni linachemsha vilevile kwa sababu shida ilikuwa feni.

Mipira migumu asubuhi, mapovu kwenye kopo

Injini ikiwa imepoa usiku kucha, iwashe na ubane mpira wa juu kwa mkono. Kwa dakika moja au mbili za kwanza unatakiwa ubonyee. Ukijaa na kuwa mgumu kama tairi wakati maji bado ni ya baridi, presha hiyo haijaletwa na joto. Ni moshi wa silinda unaopenya gasketi ya hedi au ufa. Dalili nyingine: kopo la akiba linajaa na kumwagika, maji hayarudi, mapovu yanatoka mfululizo, na kopo linanuka petroli.

Thibitisha kwa dawa ya buluu ya kupima moshi, inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa tangi. Ikigeuka njano, kuna moshi. Ikibaki buluu, usitangaze ushindi bado: kwenye injini ya turbo ufa mdogo hufunguka chini ya busti tu, hedi inaponyanyuliwa na presha. Endesha kwa nguvu kilomita kadhaa, acha lipoe kiasi cha kufungua salama, kisha pima tena.

Ukifungua, hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na kipima nafasi. Jani la kipima nafasi la milimita 0.05 likipita chini ya rula, hedi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, zote mbili, pamoja na kukagua uso wa bloki. Gasketi za tabaka za chuma zinataka uso laini kuliko msasa wa mkono unavyoweza kutoa. Kwa busti iliyoongezwa, studi ngumu za milimita 11 zinashika kuliko boliti zilizokwisha kuvutwa mara mbili.

Waliofunga turbo kwenye EJ25 isiyo ya turbo wawe na macho zaidi. EJ25D ya miaka ya 90 inajulikana kwa gasketi inayopitisha moshi ndani kwenye maji. EJ251 na EJ253 zilizofuata huanza na kuvuja kwa nje, chini ya hedi.

Injini inayojipikia yenyewe

Ukishakagua hewa, maji na gasketi, na bado linapanda ukikanyaga tu, tazama programu ya injini. Cheche ikichelewa, moto mwingi unaishia kwenye mlango wa moshi na hedi badala ya kusukuma pistoni. Gari la soko la Japani lilipangiwa petroli ya daraja la juu ya kule. Likipata ya oktani ndogo, sensa ya kugonga, inayosikia petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, inafanya cheche irudishwe nyuma, na joto linapanda bila taa yoyote kuwaka. Mchanganyiko wenye petroli kidogo chini ya busti ni mbaya zaidi. Shusha busti irudi ya kiwandani kwa siku mbili. Joto likitulia, tatizo halikuwa rejeta.

Kama unaongeza rejeta ya oili, usiitundike mbele ya rejeta ya maji. Iweke pembeni nyuma ya bampa, na iwe na themostati yake.

Maji ya kujaza na namna ya kutoa hewa

Mfumo huu unabeba lita 7 hadi 8. Tumia kulanti halisi (dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu), asilimia 30 hadi 50, na maji safi ya betri. Maji ya kisima cha Dar yana chumvi ambayo baada ya miezi utaiona imeganda mdomoni mwa mirija. Na kuna maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti, hayazuii kutu.

Pima kwa ndoo ulichomwaga, ujue unachopaswa kurudisha. Egesha pua ya gari ikiwa juu. Chomoa mpira wa juu upande wa rejeta, mimina kulanti polepole ndani ya mpira huo, iende kwenye injini, mpaka ikatae, rudisha mpira. Fungua kiskrubu cha plastiki cha kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, jaza rejeta mpaka maji yasiyo na mapovu yatoke hapo, funga. Jaza tangi la juu mwisho. Kama aliyefunga manifoldi mpya ameshusha tangi hilo chini ya bomba la injini, litundike upya. Likiwa chini halitoi hewa, linaihifadhi.

Weka hita mpaka mwisho. Funga mifuniko, washa, kanyaga mara tano au sita bila kuvuka 3,000, zima, subiri dakika moja, ongeza kilichopungua. Rudia mpaka isipungue. Kisha acha iwake mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili, ukiminyaminya mpira wa juu na wa chini. Jaza kopo la akiba mpaka mstari wa juu, uweke alama kwa kalamu ya wino mzito.

Kwa asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, fungua tangi la juu na utazame. Asubuhi ya kwanza kupungua robo lita ni hewa iliyobaki. Ya tatu ikipungua tena na chini hakuna tone, rudi kwenye ile chupa ya dawa ya buluu.